Farasi wa Ambrose

Tangu asubuhi Bibi Tryphena hakuwa ameonja hata chai. Njia nzima ya kwenda Devon, kusini mwa Uingereza, alikunja na kukunjua glavu zake.

"Wameshapaka, Lorna. Moyo wangu unaniambia."

"Bibi, moyo wako ulikuambia pia tairi litapasuka," mjukuu wake alijibu akiwa kwenye usukani.

Barua ya makumbusho ilisema farasi wa mbao wa baba yake Bibi Tryphena, wale wa bembea ya watoto inayozungushwa kwa injini ya mvuke, wanapakwa rangi upya. Watu wa maonyesho ya kuhamahama, kama familia yake, huwaandika farasi shingoni majina ya watoto wao. Mmoja alikuwa na jina la Ambrose, mdogo wake Tryphena, aliyekufa kwa surua wakiwa njiani, akazikwa bila jiwe. Jina lake halikubaki pengine popote.

Ndani ya makumbusho palinuka mafuta na vanishi. Bibi alizunguka farasi thelathini, midomo ikicheza: Duchess, Lightning, Violet... Kwenye yule mwenye sikio lililomeguka, ambaye angemtambua hata kwa kumpapasa gizani, maandishi ya dhahabu yalisema Prince.

Bibi akanyoosha kidole kwenye jina lile geni.

"Mama, usiguse, bado mbichi!" fundi Clem alipaza sauti, brashi mkononi.

"Nimempanda kabla mama yako hajazaliwa. Niache!"

Akakumbuka kitu. Baba alikuwa akipamba vizuri upande unaotazama watu. Ule wa ndani, unaotazama injini, nani angeuona? Fundi mvivu angeuacha wa mwisho. Akapanda jukwaani, akajipenyeza kati ya farasi, Lorna akimshika koti kwa nyuma.

Shingoni, chini ya masizi, kulikuwa na herufi zilizofifia: AMBROSE. S na E zimebanana, kwa sababu baba aliishiwa nafasi.

"Huo upande ni wa kesho," Clem alisema. "Naukwangua asubuhi."

"Hukwangui."

"Mama, mimi naagizwa tu. Mpaka nimuulize mkubwa."

"Kamuulize." Bibi alishika nguzo ya shaba, akajivuta juu ya tandiko kwa kishindo, glavu zikaanguka. "Mimi nangoja hapa hapa."

"Na akikataa?"

"Basi mtapaka rangi mpaka kwenye soksi zangu."

Clem alimtazama Lorna. Lorna aliinua mabega, akaokota glavu, akamimina chai ya chupa na kumpelekea bibi yake huko juu. Clem akaweka brashi chini, akaenda ofisini kwa hatua za haraka.

Bibi Tryphena akanywa, kiganja kikifunika herufi zile.