Mkono wa Kushoto wa Evodia

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Keza, nyumbani kwetu palikuwa na mti uliokataa kuchanua. Babu alikuwa mtunza bustani wa misheni, na mche wake alipewa na padri mgeni siku alipostaafu kazi hiyo. Padri aliuita magnolia. Bibi aliuita manyoria. Babu alipofariki tulimzika karibu nao, na Bibi akaanza kuyangoja maua kama mtu anayengoja barua. Miaka ikapita, majani tu. Wanawake wa jumuiya wakanong'ona kwamba marehemu ameikasirikia nyumba yake.

Aliyeupenda mti ule kuliko wote ni dada yangu Evodia, aliyenizidi miaka miwili. Alikuwa na mashoto. Kila jioni alitoka kisimani na kidumu chake, akaumwagilia kwa mkono huo huku akiuimbia. Mimi hakuniruhusu hata kuusogelea. Jumamosi moja nilijaribu, akanisukuma nikaanguka chali. Nikiwa pale chini nikaliona, juu ya kichwa changu: tumba moja, nene kama dole gumba, limevaa manyoya laini.

Nilikimbia ndani nikampe Bibi habari. Alikuwa akimenya ndizi na mama. Akaniwahi yeye.

"Unalia nini?"

"Evodia kanisukuma. Hataki niumwagilie mti."

"Yeye huumwagilia kwa mkono gani?"

Nilijua kwa nini anauliza. Bibi aliamini kwamba kinachopewa maji kwa mkono wa kushoto hufunga. Hakizai wala hakichanui. Habari ya tumba nilikuwa nayo mdomoni. Nikaimeza.

"Wa kushoto, Bibi."

Hakumpiga. Alimwita taratibu, akachukua kamba ya mgomba, akamfunga mkono ule mgongoni. "Mpaka mti uchanue," alisema. Mama aliinamia ndizi zake. Alikuwa mkwe tu, hakuwa na sauti katika nyumba ile.

Evodia akawa anakula kwa mkono asiouzoea, chakula kinamwagika, sisi tunacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mwalimu wake alisema afadhali, sasa ataandika kama wenzake. Kidumu nikapewa mimi. Bibi akaniita mwenye mkono wa baraka na kuniwekea ndizi mbivu. Kila jioni nililitazama tumba langu likinenepa, nami sikusema.

Juma la pili Evodia aliteleza kwenye njia ya kisimani. Hakuwa na mkono wa kujikinga. Aliangukia jiwe kwa uso, meno mawili ya mbele yakavunjika. Bibi alimsukutulisha maji ya chumvi, kisha akaikaza kamba iliyokuwa imelegea.

Siku chache baadaye ua likafunguka, jeupe, kubwa kama bakuli. Vigelegele vikapigwa, majirani wakaja, rozari ikasaliwa kaburini.

"Bibi, sasa nifunguliwe?" Evodia aliuliza, maneno yakimtoka kwa upepo kwenye pengo.

"Nikufungue? Si ndiyo kwanza tumeijua dawa?"

Alifungwa hadi masika yalipokwisha.

Mwaka jana nilimtembelea Biharamulo, alikoolewa. Binti yake mdogo alinipigia goti, "Shikamoo, mama mdogo," akaninyooshea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Kabla sijaitikia, Evodia alimchapa mkono ule kwa nguvu, kikombe kikapasuka sakafuni.

"Unamtazama hivyo kwa nini?" aliniuliza. "Bibi alijua. Mti si ulichanua?"

Hapo nikamweleza. Tumba, Jumamosi ile, mkono wake ukiwa bado huru. Nilieleza yote, pamoja na ndizi mbivu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiokota vipande vya kikombe kimoja kimoja.

"Kwa hiyo si mimi niliyeufunga," alisema.

"Si wewe, dada."

"Wala si mimi niliyeufungua."

Nilikuwa nimekwenda na ukweli wangu nikidhani namtua mzigo. Kumbe miaka yote alikuwa ameshikilia jambo moja tu, kwamba yale meno na ile kamba vilimpa Babu ua lake. Utotoni nilimnyang'anya mkono. Sasa, mtu mzima, nilimnyang'anya na hilo, nami ndiye niliyetoka pale nikiwa mwepesi.

Nilipoaga hakuinuka. Mtoto ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, mkono wake wa kushoto ameuficha ndani ya gauni.