Kiboksi Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

Saa tatu na robo asubuhi. Mama Herufi amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, ambayo haijaona pasi huu mwaka wa tatu. Juu yake kuna simu mbili, tableti, kompyuta ndogo na kisomeo cha vitabu, cha zamani na cha kijivu, kilichofungwa raba ili mfuniko usidondoke. Anakitazama hicho cha mwisho, mkono mdomoni.

"Mungu wangu," anasema. "Kuna kiboksi."

Jina la utani alipewa na majirani, likamkaa. Kazi yake ni kuchagua na kupanga fonti, yaani maumbo ya herufi, katika vitabu vya kielektroniki ili visomeke kwenye kila kifaa. "Mimi ni chumvi," hutania. "Wananikumbuka nikikosekana." Mwezi mzuri hupata vitabu viwili, mwaka jana ilipita miezi minne bila hata kimoja.

Kitabu cha leo ni mwongozo wa dawa za watoto. Saa nne kamili kitaingizwa kwenye visomeo mia tatu na kumi na viwili, vya kijivu kama hiki chake, kisha magari yatavipeleka kwenye zahanati zisizo na mtandao. Kikishatoka hakirudi.

Ukurasa wa arobaini na moja unataka mtoto apewe ½ kidonge. Kwenye simu unasema hivyo. Kwenye kisomeo, mahali pa alama ya nusu pamekaa kiboksi kitupu, kisha neno "kidonge".

Kosa analijua, na hamsingizii mtu. Juzi, ili faili liwe jepesi, aliipunguza fonti kwa kuondoa alama alizodhani hazitumiki, na ya nusu ikaenda nazo. Simu ikikosa alama huiazima kwenye fonti zake nyingine. Kisomeo cha zamani hakina pa kuazima.

Ana desturi ya miaka tisa: kifaa kibovu kuliko vyote ndicho hukikagua kwanza. Jana betri ya kisomeo ilikuwa imekufa; kimekubali kuwaka leo asubuhi tu, baada ya kuchajiwa usiku kucha. Akasema potelea mbali, akatuma.

Anampigia mhariri aliyempa kazi hii. Simu inaita mpaka inakatika. Anapiga tena, haipokelewi. Mteja mmoja alishamwacha kwa kosa dogo kuliko hili, na anaogopa waziwazi. Lakini mficha uchi hazai. Anapiga mara ya tatu.

"Bosi, simamisha," anasema bila hata salamu. "Nimekosea mimi. Alama ya nusu haionekani."

"Si uliniambia umekagua vyote?"

"Kimoja nilikiruka."

"Una nusu saa," mhariri anasema. "Halafu tutaongea mimi na wewe."

Anairudisha fonti nzima. Faili limekuwa zito, liwe. Kwenye kisomeo ukurasa unajichora polepole, kwa maringo ya kizee, na nusu inatokea. Hayaamini macho yake. Anakimbilia chumba cha pili, alikolala dada yake mkubwa, muuguzi aliyetoka zamu.

"Dada, samahani. Nisomee hapa."

"Umeniamsha nikusomee?"

"Nisomee tu."

"Mpe mtoto nusu kidonge mara mbili kwa siku." Dada anapiga miayo. "Na hili nalo lilikushinda?"

Saa nne kasoro dakika nane, faili linaondoka. Jibu la mhariri ni fupi: limefika, na kesho aende ofisini. Huenda ndiyo kazi yake ya mwisho pale.

Anarudi kwa dada na tableti aliyoilazimisha kuonyesha ukurasa wa jana, kiboksi kikiwa palepale. "Na hapa?"

Dada, macho nusu yamefumba, anasoma bila kusita: "Mpe mtoto kidonge mara mbili kwa siku."

Mama Herufi anakaa kwenye ukingo wa kitanda: kidonge kizima badala ya nusu. Anasema atanunua betri mpya leo hii, na kwamba mhariri akimbakiza, hakuna kitabu cha dawa kitakachotoka humu kabla muuguzi hajakisoma kwa sauti.

"Muuguzi gani?" dada anauliza, shuka likiwa limeshamfika kidevuni.

"Wewe. Tena ukiwa umechoka hivyohivyo."