Gauni la Wifi

Gauni langu la kwanza nililishona mwenyewe kwa kitenge, nikalivaa kanisani hapa Bariadi na sweta juu, kuficha bega lililokwenda kombo. Wifi yangu aliliona hivyo hivyo. "Wifi, hapo umeshona au umefunga mzigo?" Akacheka mpaka wanakwaya wakageuka.

Yeye alivaa la mtumba, refu, lenye lesi kifuani, alilolipigania mnadani. Kushona kumenifundisha kukagua nguo. Kitambaa chepesi, bitana hakuna: lilikuwa gauni la kulalia. Nikanyamaza, si alikuwa ameshanicheka?

Jumapili iliyofuata alikuja na rafiki zake watatu, nao wameshanunua ya aina hiyo. Mahubiri yalikuwa marefu kweli, na wao peke yao ndio waliovaa ipasavyo.