Ubao wa Glopu

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu chuoni kwao. Getini kuna kioo kikubwa; unagusa jina la jengo, njia inajichora. Akanitazama akitaka nishangae. Nikamwambia, "Sisi Tabora tulikuwa nacho hicho tangu enzi za Ujamaa." Akacheka. Acha acheke.

Chetu kilikuwa ubao. Mchumba wangu, kijana wa Ipuli, pale Tabora mjini, niliyesoma naye chuo cha ualimu, aliutengeneza kwa betri na glopu za tochi, akachora juu yake ramani ya chuo, akausimamisha getini. Wakati ule kila kitu tulijitengenezea wenyewe. Ukibonyeza picha ya kitanda, glopu inawaka penye bweni. Ukibonyeza sufuria, inawaka jikoni. Hata mzazi asiyejua kusoma alifika alikokwenda.

Mama yangu alikuwa hajakubali anioe. "Vijana wa mjini hawana adabu," alisema, na mama akisema hapana, kijiji chetu cha Kigwa kizima hunyamaza. Nami nilimpenda yule kijana mpaka chakula hakipiti kooni. Kwetu Wanyamwezi mkwe hatazamani na mama mkwe, wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini.

Jumamosi moja mama akashuka kwenye treni bila taarifa. Mimi nilikuwa bustanini, hapo karibu na geti, nalima. Mchumba wangu yuko zamu getini. Akamwona mama anakuja, sura yangu tupu. Weee! Kijana alitupa kitabu, akajificha nyuma ya ubao wake. Mama akabonyeza kitanda. Glopu haikuwaka. Akabonyeza tena. Waya ulikuwa umechomoka, na wa kumwelekeza ndiye asiyeruhusiwa kufungua mdomo.

Mara glopu ikawaka kwa kutetemeka. Kijana alikuwa ameushikilia waya kwa vidole. Chini ya ubao miguu yake ilionekana, na katambuga zake za tairi. Mama akaiona, akageuza uso haraka, akajifunika kanga.

"Wewe ubao," akasema, "mwambie aliyekuwasha, nilikuja kumpima adabu. Nimeiona. Mtoto nimempa."

Glopu ikazima, ikawaka, ikazima tena. Nililia na jembe langu mkononi, mchana kweupe, wala sikuona haya.

Hawakuwahi kutazamana hata siku moja, mpaka tukamzika mama. Lakini kila aliponiletea asali kutoka Kigwa, chini ya kikapu aliweka betri mpya za tochi. "Za yule," alisema.