Aliyelizima Gari Langu Kwenye Mteremko wa Malanja

Gari nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Arusha, limetumika lakini imara. Kadi ikabadilishwa jina, nikakabidhiwa funguo zote mbili. Nafundisha kijijini Soitsambu, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro, na kwa miezi minne niliendesha nikiamini ni langu.

Likizo ilipokwisha, niliondoka Karatu asubuhi kurudi kazini na rafiki yangu, muuguzi wa zahanati ya Soitsambu. Tukapita ukingo wa kreta kwenye ukungu, kisha tukaanza kuteremkia Malanja, jua limeshatoka. Alikuwa ananisimulia harusi ya mdogo wake.

Injini ikakata. Haikukohoa wala kutetemeka. Usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo. Nilipokanyaga tena, ni kama nasukuma ukuta.

"Mwalimu, punguza!"

"Haishiki!"

Kulia kulikuwa na bonde. Nikavuta breki ya mkono na kulielekeza gari kushoto, kwenye ukuta wa udongo. Likajikwaruza ubavu hatua kama ishirini, likasimama. Rafiki yangu alikuwa amening'ang'ania mkono, kucha zimezama.

Dereva wa watalii aliyekuwa nyuma yetu akasimama. Akajaribu kuwasha, akasikiliza, akainama chini ya dashibodi na tochi ya simu.

"Dada, hili halijaharibika. Limezimwa."

"Limezimwa na nani?"

"Hata letu lina kitu hiki. Ofisi ikitaka, inalizima kutoka hukohuko."

Akanionyesha kidude cheusi kilichobandikwa namba ya simu. Nikapiga. Kijana wa kampuni ya kufuatilia magari, mwenye sauti ya upole, yuko Dar es Salaam, akaniuliza namba ya gari.

"Naliona. Liko Ngorongoro. Mwenye gari ametuomba tulizime, limeibiwa."

"Mwenye gari ni mimi!"

"Kwenye akaunti si wewe, dada."

"Mliona kwamba linatembea?"

"Spidi inaonekana, ndiyo. Arobaini na nane."

Nikakaa chini vumbini. Mtu nisiyemjua alituona tunateremka, akabonyeza.

Aliyeniuzia nilimpata kwa simu. Gari lake jingine lilikuwa limeibiwa alfajiri ile, naye kwa kuchanganyikiwa akataja namba ya langu. Jina lake hakuwahi kuliondoa kwenye akaunti.

"Nisamehe, mwalimu. Nilisahau kabisa."

"Ungetuua."

Akakata simu, akampigia yule kijana, na baada ya muda dereva akaniambia nijaribu. Hakuna aliyekuwa amegusa waya. Nikazungusha ufunguo, likawaka.

Rafiki yangu alikataa katakata kuingia. Akaomba nafasi kwenye gari jingine la watalii lililokuwa linarudi Karatu, nami nikawafuata nyuma polepole, mkono haubanduki kwenye breki ya mkono.

Fundi wa Karatu alikikata kile kidude, akanipa. Nikamuuliza kama sasa hakuna mwingine anayeweza kulizima.

"Hili, hakuna. Ila haya mapya yanakuja nacho kwenye kompyuta ya gari, toka kiwandani. Huko mimi sifiki."

Kesho yake nilisafiri peke yangu hadi Soitsambu. Muuguzi alikuja na basi siku mbili baadaye, na mpaka muhula unaisha hakukubali kupanda gari langu, hata kwenda mnadani tu.