Kisima Yenye Ilianguka Nyuma ya Jiko Yangu

Mpaka leo mi naona haya kupita mu ile avenu, ile barabara yetu ya zamani, hapa Kolwezi, na ninyi munacheka, haya chekeni, lakini afazali musikie habari ku kinywa yangu mwenyewe, sababu Mama Yolanda wa mustari ya chini anaongezaka chumvi.

Ilikuwa ile wakati mbaya, kazi ya mugodi imekufa, bomba imekauka, na bandugu zetu ba Kasai banafukuzwa barudi ku mukoa ya bazazi babo. Tata Mbuyi, muntu wa Kasai, mwalimu wa hesabu ku shule yetu, alizaliwa hapa hapa (baba yake njo aliletwaka na kazi ya mugodi), lakini bijana baliimba wimbo ya kumufukuza mbele ya mulango yake mpaka akabeba bibi, batoto na godoro, akaenda kulala ku gare pamoja na bengine, kungojea treni. Mi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa. Prefe, mukubwa wa shule, akanipa chaki na daftari ya mifano yenye Tata Mbuyi aliacha, akasema, "Utafundisha na hesabu." Nikakubali, ningefanya nini?

Sasa, nyumba zetu zilikuwa mistari mbili, ya juu na ya chini, na kichuguu kubwa sana inaziba kati, huoni ng'ambo. Batu bakapatana kuchimba kisima moja, lakini iwe kati kabisa, sababu kila mustari iliogopa benzao batafunga maji (tulikuwa tumezoea kufukuzana, kisima ingetushinda?). Kamba ya kupimia haiwezi kupita mu kichuguu. Mama Yolanda akasema tuzunguke, tukadirie na macho. Hapo njo nilifungua kinywa yangu hii.

"Mama, macho inadanganya. Hii ni kazi ya hesabu."

Nikaweka pembe ya lupango, ile kiwanja ya kanisa, kuwa sifuri, nikahesabu hatua za kwenda mashariki, kisha za kwenda kaskazini. Nyumba ya kwanza ya juu (yangu, muisikie vizuri) ikakuwa ku makumi mbili mashariki na kumi kaskazini. Nyumba ya Mama Yolanda, ya mwisho ya chini, makumi sita na makumi tano. Nikaleta tablo, ubao ya shule, inje, mbele ya batu bote, nikafuata mufano ya daftari, nikatoa makumi mbili ku makumi sita, nusu yake makumi mbili. Nikatoa kumi ku makumi tano, nusu yake tena makumi mbili. "Kati ni makumi mbili na makumi mbili!" Bakapiga makofi. Na mi mujinga nikainama kama padri. Kisha nikaachia bijana hesabu na majembe, nikaenda kufundisha.

Saa sita Mama Yolanda akaingia mu darasa bila kupiga hodi, batoto banaangalia.

"Mwalimu, mi natoka kwangu kuona kisima. Natembea, natembea, nazunguka kichuguu, natembea tena, mpaka naona sufuria za bibi yako. Njo kati hiyo?"

Nilikimbia. Shimo imefika ku kiuno ya muntu, mu ile udongo ya nguvu, nyuma kabisa ya jiko yangu, na bibi yangu (maskini, alifikiri ni zawadi) anagawia bachimbaji chai. Batu ba chini banapiga kelele kama niliiba kisima. Batu ba juu banapiga kelele kama nabaletea vita. Nikaapa sikuiba, nikarudilia hesabu, ikatoka ile ile. Kisha muntu moja akasema, na mi nilishindwa hata kukasirika, "Twende tuulize Tata Mbuyi."

Bale bale baliimba!

Tukaenda ku gare, mi mbele na tablo ku kichwa, avenu muzima nyuma. Kijana mwenye aliongoza wimbo alikuwa na jembe ku bega. Tata Mbuyi alikuwa anaikala juu ya mizigo, ndevu imeota. Nikamueleza. Akaangalia batu nyuma yangu, moja moja, bakaangalia chini.

"Hapa unajumlisha, si kutoa, mwalimu," akasema, akichora mu vumbi. "Makumi mbili na makumi sita, nusu yake makumi ine. Kumi na makumi tano, nusu yake makumi tatu. Kutoa kunakuambia ni mbali gani tu, hakukuambie ni fasi gani, pahali gani. Mufano yenye nilikuachia ilianza ku sifuri, njo maana ilikubali." Akapangusa vumbi ku kidole. "Na hukurudi kupima pande zote mbili?"

"Hapana, Tata."

Akacheka, bibi yake pia akacheka, kisha akasema, "Mukipata maji, mutukumbuke na ndoo moja. Batoto bako na kiu."

Tulichimba ku makumi ine na makumi tatu, pembeni ya kichuguu, nikapima mwenyewe pande zote, zikalingana. Maji ilipotoka, kisha siku nyingi, batu baliruka, bakajaza, bakakunywa, hakuna mwenye alitaja jina ya Tata Mbuyi. Nikabeba ndoo ya kwanza yenye nilipata, nikaenda ku gare. Treni ilikuwa imekwisha kwenda nabo. Nilisimama pale na ndoo yangu, maji inanimwangikia ku shingo, sijui nimupe nani.

Nikarudi nayo. Ku avenu bakaniuliza, banacheka, "Mwalimu, umepotea tena? Maji inatoka huku, weye unaleta maji?"

Chaki ya hesabu nilirudishia prefe kesho yake, na sitaishika tena. Ile ndoo nilimwanga siku ile ile ya treni mu shimo nyuma ya jiko yangu. Siku hiyo sikukunywa maji ya kisima.