Beki Aliyemkalisha Baba

"Wangu."

Mpaka leo nikiwa namenya viazi, au nasubiri mafuta yapate moto, naisikia ile sauti ya yule beki. Hakuwa anapiga kelele. Aliisema kama mtu anayechukua kikombe chake mezani, wangu, basi, halafu mpira unaoshuka pamoja na manyunyu unakutana na paji lake la uso, ko, kama mtu kagonga mlango wa mbao mara moja tu. Uwanja mzima pale Mbeya unaweza kuwa unanguruma, lakini sisi wa upande wa jua, nyuma ya goli, tulikuwa tunaisikia.

Upande wa jua lilikuwa jina tu. Jua lenyewe lilikuja siku likijisikia. Kulikuwa na ngazi za sementi zisizo na paa, na baba alinizoesha kwenda naye kule tangu sijaanza shule, maana nikibaki nyumbani nilikuwa namchosha mama. Nilikuwa situlii. Mama alisema nimekula miguu ya kuku nikiwa bado tumboni.

Ila huo ugonjwa niliurithi kwa baba. Baba yangu chai anakunywa amesimama. Kanisani mahubiri yakirefuka kidogo anatoka nje kuangalia kama mvua inakuja, kana kwamba yeye ndiye anayeiruhusu. Na uwanjani ndiyo usiseme. Anapanda ngazi, anashuka, anashika kichwa, anamfundisha refa kazi kutoka mbali. Watu wa nyuma walikuwa wanamwambia, "Mzee, tumekuja kuangalia mpira, hatukuja kuangalia mgongo wako." Anaomba radhi, anasogea, anakwenda kuwaziba wengine.

Isipokuwa huyo beki akiwepo.

Alikuwa mrefu, mwenye upara wa mapema, hana mbio kabisa. Mtu asiyemjua angedhani kaingia uwanjani kutafuta kitu alichodondosha. Timu zikitoka tu, baba anamtafuta kwa macho, na akimwona anainama, anaipapasa sementi kwa kiganja kuona kama imelowa, anatandika koti lake, anakaa.

"Keti, mama," ananiambia, maana baba huniita mama. "Leo yupo."

Nami nilikuwa nakaa, nimeegemea bega lake, na sijui niseme vipi, miguu yangu ilikuwa inanyamaza. Hatukukaa hivyo mahali pengine popote. Siku beki akiwa na kadi au mgonjwa, baba anasimama mechi nzima, na mimi nazunguka nikiokota vizibo vya soda.

Kitu kingine tulichokipenda ni bukta yake. Mbeya ikinyesha, uwanja unakuwa kama shamba la mpunga, wachezaji wote wanatoka wamefanana na viazi vilivyong'olewa sasa hivi. Yeye bukta yake nyeupe. Niliwahi kumuuliza baba kwa nini hachafuki.

"Beki anayechafuka amechelewa," baba akasema. "Ukiona kajitupa chini, ujue alitakiwa awe amefika zamani."

Sasa mimi ni mtu mzima, au karibu na hapo. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na kunikataa, nilihamia Iringa kwa mama mdogo, mwenye kibanda cha chipsi Mlandege. Namenya, nakata, nakaanga, na jioni nakwenda mazoezini na timu ya wasichana. Nilikuwa mshambuliaji. Nasema nilikuwa. Ndoto zangu nyingi, na sizionei aibu. Nimeshajichagulia hata namna ya kushangilia goli siku nikiitwa timu ya taifa. Nimeifanyia mazoezi nyuma ya kibanda, mpaka mama mdogo akaniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Timu yetu ikaalikwa bonanza Mbeya, na mechi ilikuwa kwenye uwanja uleule. Nikampigia baba hapohapo, mikono ina maji ya viazi.

"Baba, njoo. Nitakufungia goli."

Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama. Nakuja na koti."

Mama alinisimulia baadaye kwamba baba alitangaza sokoni kote. Aliyekwenda kununua ndizi kwake aliondoka na ndizi na habari ya goli langu.

Basi, ikiwa imebaki nusu wiki kufika siku yenyewe, kocha akaniita pembeni. Beki wetu wa kati alikuwa amepata kazi Dodoma na ameondoka.

"Wewe una urefu, na una mdomo," kocha akasema. "Nakutaka nyuma."

"Kocha, mimi nafunga."

"Unafunga, ndiyo. Wa kufunga ninao wengine. Wa kusimama sina. Nijibu kesho jioni."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Nani anakwenda uwanjani kumwangalia beki? Na goli la baba nitalitoa wapi nikiwa huko nyuma? Nikikubali, nimemdanganya mzee mbele ya soko zima. Nikikataa, timu inakwenda na tundu katikati. Kesho yake viazi nilivimenya vibaya, nikavimenya mpaka vikabaki kama gololi, mama mdogo akaninyang'anya kisu.

Asubuhi hiyohiyo redio ikatangaza kwamba yule beki amestaafu. Goti limekataa. Amerudi kwao Kilolo, hukuhuku Iringa, analima. Mtangazaji akasema saa nne atafungua simu, kila shabiki ana dakika moja kutaja tukio moja la kumkumbukia.

Kibandani kuna benchi moja na wateja wawili wa kila siku. Mmoja ni fundi viatu, jirani yetu, Mhehe, ambaye anakuja kupasha mikono moto kwenye jiko letu na kubaki. Mwingine ni dereva wa lori, mtu wa kwetu Mbeya, ambaye akipita Iringa lazima ashuke kula. Wote wawili wakaacha kula.

"Piga wewe, fundi," dereva akasema. "Ni mtoto wenu."

"Leo ni mtoto wetu? Miaka yote mnasema wa Mbeya."

"Goti bovu ndiyo lenu. Zima lilikuwa letu."

Fundi akacheka, akafuta mikono, akapiga namba ya redio, ikawa inaita. "Haya. Niseme tukio gani?"

Hapo ndipo shida ilipoanza. Walikaa wanafikiri, mafuta yanachemka. Goli alilofunga hawakulikumbuka. Chenga hakuwa nayo. Dereva akasema, "Ile kona. Ile ya mwisho, wale jamaa wa Dar wamejaa kwenye boksi."

"Enhe. Ikawaje?"

"Haikuingia."

"Najua haikuingia. Alifanyaje?"

"Alikuwepo."

Dereva akaona maneno hayatoshi. Akachukua viazi vyangu kwenye beseni, akavipanga juu ya benchi. Hiki kipa, hivi wale jamaa, hivi wetu. Kiazi kimoja kikubwa chenye kovu akakiweka katikati, taratibu, kama anaweka yai. "Alikuwa hapa. Unaona? Wote wanaangalia mpira, yeye anamwangalia huyu." Fundi akakisogeza kile kiazi nyuma kidogo. Dereva akakirudisha. Wakaanza kugombana juu ya nafasi ya kiazi, na mama mdogo akauliza kama vile viazi vinauzwa au vimesajiliwa.

Katikati ya ugomvi simu ikapokelewa. Fundi akashtuka, akaisogeza mdomoni, spika ikiwa wazi.

"Karibu msikilizaji, tukio moja tu," mtangazaji akasema.

"Kamwene," fundi akasalimia kwa Kihehe. "Mimi nakumbuka ile kona."

"Kona ipi hiyo?"

"Ile ambayo haikuingia."

Mtangazaji akacheka. "Sasa mzee wangu, isiyoingia unaikumbukaje?"

Fundi akaangalia viazi. Akamwangalia dereva. Dereva akaonyesha kiazi kikubwa kwa kidole, kana kwamba redioni watakiona. Nikaona fundi macho yanamlowa, na mtu yule nimemwona akijidunga sindano ya viatu bila kusema kitu. Akaninyooshea mimi simu.

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema lililokuwa karibu.

"Mimi baba yangu hawezi kukaa. Popote. Lakini huyo akiwa uwanjani, baba alikuwa anatandika koti anakaa. Na mimi nilikuwa nakaa. Ndilo tukio langu."

Mtangazaji hakucheka. Alisubiri kidogo, kama anafikiri kuna mwendelezo, kisha akasema asante dada, akaweka muziki.

Dereva akakusanya viazi, akavirudisha beseni kimojakimoja. "Umeongea vizuri, mdogo wangu," akasema. "Ila chipsi zangu zimeungua."

Jioni nilimwambia kocha ndiyo. Nilisema haraka, kabla miguu haijanipeleka kwingine, na usiniulize kama nilikuwa na furaha. Na baba sikumwambia. Kila nikishika simu namsikia akisema "nakuja na koti", nairudisha simu mfukoni.

Siku ya mechi Mbeya ilituamkia na manyunyu, kisha ikaacha. Wakati tunapasha misuli nikamwona, palepale upande wa jua, ngazi ileile, koti limekunjwa mkononi. Amenyoa ndevu. Akanipungia, nikampungia, na refa alipopiga filimbi nikamwona anayatupa macho yake kule mbele, kwenye goli la wapinzani, ananitafuta. Yakaenda, yakarudi, yakaja yakanikuta nimesimama nyuma, karibu kabisa na pale alipo. Sikuweza kuuangalia uso wake. Nikageuka.

Mpira wa kwanza wa juu ulipokuja nikasema "wangu", na sauti ikatoka kama mtu anayeomba chumvi. Kipa wangu hakusikia. Tukagongana, mpira ukapita pembeni ya mwamba, na mimi nikaanguka kwenye dimbwi. Wa pili nilichelewa, nikajitupa. Wa tatu pia. Kufika mapumziko bukta yangu haikuwa na rangi ya kuitaja. Kila nikiinuka nilikuwa namwona baba kwa pembe ya jicho, anapanda, anashuka, anapanda.

Kipindi cha pili sikumbuki vizuri, na nafikiri ndivyo inavyokuwa huko nyuma. Nakumbuka viazi juu ya benchi. Nakumbuka nikajiambia acha kuangalia mpira, mwangalie huyu, na huyu alikuwa msichana mwenye mbio za swala aliyeninyima pumzi. Kuna krosi moja ilikuja na upepo, nikasema "wangu", safari hii kwa sauti yangu ya kibandani ninayoitia wateja, na wote wakaniachia. Ikanipiga kichwani nikaona nyota. Ikaenda nje. Hakuna aliyepiga makofi. Kipa alinigusa bega tu, akarudi golini.

Tukatoka bila kwa bila.

Baba alikuwa ananisubiri chini ya ngazi. Koti liko mkononi vilevile, halijakunjuliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye njumu. "Umechafuka."

"Nimechelewa sana leo."

Akacheka, cheko la puani. Nikasubiri aulize habari ya goli. Hakuuliza. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Goli lako sijakuletea, na nilikuahidi. Kocha alinitaka nyuma, nikaogopa kukwambia."

"Nimeona," akasema. "Sokoni nitawaambia halikuingia hata moja. Wataelewa wanavyoelewa."

"Lakini hukukaa, baba. Nimekuangalia. Nimecheza nafasi ile ile, na hukukaa hata kidogo."

Akaligeuza koti kutoka mkono huu kwenda ule. Akaangalia uwanjani, pale kwenye matope yangu.

"Nikae vipi, mama?" akasema. "Yule alikuwa mtoto wa mtu mwingine."

Kisha kama kawaida yake akakumbuka kwamba gari la kurudi nyumbani litamwacha, akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko siku zote, akaondoka akitembea haraka, akigeuka kila baada ya hatua chache kuangalia kama bado nipo.

Wenzangu walikuwa bombani wanaosha miguu na kurushiana maji. Kocha alikuwa anahesabu mipira. Nikawaza juu ya Kilolo, kwao yule beki. Miaka yote ile tumekaa kwenye koti letu tumestarehe, huenda kuna mama huko mlimani alikuwa amesimama na redio sikioni, hawezi kukaa.

Nikapanda ngazi peke yangu mpaka pale petu. Nikainama, nikaipapasa sementi kwa kiganja kama baba alivyokuwa anafanya. Upepo ulikuwa umeshaikausha. Nikaangalia kwenye goli, halafu nikakaa.